Paka wa Alfonsi Tuliyemchukua Bure

Nilikwisha kusema siandiki. Mwalimu Jenifer wa chekechea alikuja mara ya kwanza, nikamwambia nina mahindi ya kupukuchua. Akaja mara ya pili, nikamwambia macho yananiuma. Mara ya tatu akaja na daftari jipya na kalamu mbili, akakaa kwenye kigoda changu kabla sijamkaribisha, akasema, "Bibi Kristiana, habari za Alfonsi akiziandika mtu mwingine, ataandika kwamba wewe ndiye uliyetaka paka afutwe, halafu ataishia hapo hapo."

Basi ndiyo maana nimeshika kalamu. Mabaya yangu nitayaandika mwenyewe, sitaki mtu wa kunisaidia. Kusoma nilijifunza ukubwani, miezi mitano, na mitatu katika hiyo nilikuwa na mtoto mgongoni. Mwalimu akitaka kusahihisha, asahihishe nukta. Maneno ayaache kama alivyoyakuta.

Alfonsi ni mtoto wa mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo mimi ni mama yake mkubwa. Alizaliwa hapa hapa Mpui, mwaka ambao mvua iliozesha ulezi shambani. Alikuwa mtoto mwembamba, masikio makubwa, asiyetulia. Ukimtuma maji, analeta maji na chura ndani yake, na chura kamvika kofia ya jani.

Alipokuwa na miaka kama minane, padre alikuja na mashine ya sinema siku ya sherehe ya mavuno. Ilikuwa mchana kweupe, ikabidi madirisha ya kanisa yafunikwe kwa mablanketi yetu. Pakatakiwa kitambaa cheupe cha kutundika mbele. Wengine walileta vitambaa vya njano njano vya kutandikia meza. Mimi nikatoa shuka langu la arusi, jeupe pe, nikaenda kulitundika mwenyewe ili watu wote waone ni la nani.

Ikaja kwanza picha ya kuchimba vyoo, tukasinzia. Halafu akaja paka. Paka mweusi wa kuchorwa, macho kama vikombe, anatembea kwa miguu miwili kama katekista, mikononi kavaa glovu nyeupe. Hasemi neno, muziki ndio unamsemea. Akaiba samaki mezani kwa watu. Akafukuzwa, akapitiwa na gurudumu la gari, akawa bapa kama mkeka. Tukasema, basi, amekwisha. Akajikunjua, akajikung'uta vumbi, akaenda zake anacheka, na samaki kwapani. Mzee Marselino akashindwa kuvumilia, akasimama katikati ya kanisa: "Padre, huyo amekwisha kufa mara tatu! Mwombee basi!"

Kanisa zima likacheka mpaka mablanketi yakadondoka madirishani. Alfonsi peke yake hakucheka. Nilimwona amekaa mdomo wazi. Mashine ilipozimwa alikwenda nyuma ya shuka, akachungulia, akarudi kwangu.

"Mama mkubwa, nyuma hayupo."

"Hayupo nani?"

"Paka. Basi atakuwa ameingia ndani ya shuka lako."

Juma zima alinisumbua nilikunjue shuka amwangalie. Nilipochoka kumkatalia nikalikunjua. Akaligeuza huku na huku, akasema, "Amekwisha toka. Huyu hashikiki."

Siku tatu baadaye nilimpata mimi. Nilikuwa nimepaka nyumba yangu udongo mweupe, niliousomba kwa kichwa kutoka mtoni safari sita. Nimeamka asubuhi, ukutani pembeni ya mlango yupo paka wa mkaa, mkubwa kama mbuzi, amenitolea ulimi. Nikamtafuta Alfonsi, nikamchapa kwa mwiko wa ugali, mmoja ukamfika kichwani ingawa sikukusudia. Nikasugua ukuta. Kesho yake paka amerudi pale pale, safari hii kafungwa bandeji kichwani.

Nikasugua tena. Lakini kwanza niliingia jikoni nikafunga mlango nikacheka mpaka nikashika tumbo. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo ninapoandika.

Alipomaliza darasa la saba akaenda Sumbawanga mjini, Majengo, kwa mchora mabango mmoja aitwaye Lazaro. Huko akajifunza herufi za kulala na za kusimama, na kuchora kichwa cha mtu aliyenyolewa vizuri kwa ajili ya vinyozi. Alipoanza kazi yake mwenyewe, kila bango alilochora alimficha paka ndani yake. Kwa kinyozi, paka yuko chini ya kiti ananyoa sharubu zake. Kwenye bucha, ananing'inia kwenye kulabu moja na paja la ng'ombe, anakukonyeza. Duka la dawa, amekunywa dawa ya kikohozi na ulimi umekuwa mwekundu. Watu walisimama njiani kumtafuta. Nilikwenda mjini kuuza maharage, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Bango halina paka, basi halikuchorwa na Alfonsi." Nikanyoosha shingo. Sikusema mimi ni nani, lakini nilinyoosha shingo.

Alioa huko, akampata Cornelia, mwanamke wa maneno machache anayekaanga maandazi yasiyokunywa mafuta. Wakaishi vizuri miaka mingi.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango. Unapeleka picha kwenye simu, unaondoka na turubai linang'aa, na nyama imepigwa picha mpaka damu inaonekana. Kinyozi akabadilisha. Bucha likabadilisha. Mwenye duka la dawa aling'oa bango la Alfonsi akalifanya mlango wa banda la kuku, na nasikia kuku walikataa kulala humo kwa ajili ya yule paka. Alfonsi akangoja wateja mwaka mmoja, akangoja wa pili. Kisha yeye na Cornelia wakarudi Mpui kulima mahindi. Mikono yake ilikuwa ya brashi, jembe likaitoa malengelenge. Brashi aliziweka kwenye kopo la mafuta ya taa zisikauke, na kila Jumapili baada ya misa alikwenda kuziangalia, kama mtu aendaye kumwona mgonjwa.

Ndugu yake Cleophas, aliyeko bondeni Muze, akamtumia habari: teremka huku tulime mpunga, rangi imekwisha kufa.

Wakati huo wazazi tulikuwa tumemaliza kujenga chekechea ya kigango, chumba kimoja na stoo ndogo ya unga wa uji. Ukuta ulikuwa mtupu. Alfonsi akaja kwangu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuchora ukutani kwangu?"

"Hapana," akacheka. "Nataka kuchora ukuta wa watoto. Rangi ninayo iliyobaki Majengo. Sitaki mnilipe kitu. Wazazi wakiupenda, nabaki na brashi zangu, nitazunguka vijiji vyote kuomba kuta. Wakiukataa, najua kweli rangi imekufa. Nawagawia watu brashi, nateremka Muze."

Nikamwambia, "Chora, nani atakukatalia?" Nilisema hivyo mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.

Alichora siku sita. Paka alianzia mlangoni mpaka dirishani, mweusi, tumbo jeupe, glovu nyeupe, anakimbia kwa miguu miwili, mkia umejikunja kama mkono wa kikombe, samaki wa Ziwa Rukwa kwapani. Watoto waliokuwa wakilia asubuhi kwa kupelekwa shule wakaanza kulia mchana kwa kurudishwa nyumbani. Mjukuu wangu Faith alitaka kupeleka godoro.

Ubaya ulianza na vidole. Faith alikuwa anajifunza kuhesabu. Nikamwambia, hebu mwonyeshe bibi, hesabu vidole vya mikono. Akahesabu vizuri mpaka nane, akakunja mikono, amemaliza.

"Na hivi viwili?"

"Hivyo vimezidi, bibi. Paka ana vinane."

Nikafunga kanga nikaenda chekechea. Nikahesabu mwenyewe. Kweli! Vinne huku, vinne huku. Nikamwita Alfonsi.

"Wewe, mkono wa nani una vidole vinne?"

"Mama mkubwa, paka wa sinema ana vidole vinne tangu kabla sijazaliwa. Nikimwongezea atakuwa binadamu."

"Basi na awe binadamu, afanye kazi!"

"Hawezi. Mchoro utaharibika."

"Na hesabu za watoto?"

Akatikisa kichwa. Mimi ni mbishi, kila mtu Mpui anajua, lakini siku hiyo nilijua ubishi kwenye ukoo wetu hautoki kwangu peke yangu. Tuliachana hatusalimiani.

Juma lililofuata panya wakaingia stoo. Hawakuwa wawili watatu. Walitoboa gunia la unga, wakamwaga, wakanyea. Watoto wakakosa uji siku mbili. Ukuta wa stoo ndio ukuta wenye paka, upande wa pili. Hapo watu wakaanza kusema.

Mkutano wa wazazi ukaitwa Jumatano. Mwenyekiti ni Yusto, fundi wa baiskeli, mtu anayesema kama anajaza upepo.

"Wazazi, tumepata paka mkubwa kuliko ng'ombe," akasema, "na panya wamekuja kumtembelea. Anacheka nao!"

"Tena mwizi," akasema mwanamke mmoja nyuma. "Kashika samaki asiye wake. Ndiyo tunayofundisha watoto?"

"Huyo mwizi ndiye amewafungulia wenzake mlango wa stoo," akadakia mwingine, na watu wakacheka. Lakini ni kile kicheko ambacho mwisho wake watu wanaangaliana.

Alfonsi alikuwa amekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni. Alinitazama mimi. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo wake aliyebaki hai, na kwa desturi neno langu lilikuwa la kumkinga. Nikasimama. Nilikuwa bado na hasira ya vidole.

Nikasema, "Pakeni chokaa."

Nikarudia ili wasinifikirie nimekosea: "Jumamosi. Pakeni chokaa ukuta mzima."

Mikono ikapanda. Alfonsi akasimama taratibu, akasema, "Haya. Nimesikia. Brashi anayezitaka aje achukue, Jumamosi napanda lori la Muze." Akatoka. Cornelia alipita mbele yangu akaniambia, "Shikamoo, mama," na hakungoja nimwitikie. Ilinikaa hapa, kifuani, kama kipande cha ugali kilichopita bila mchuzi.

Alhamisi nilikuwa mkali kwa kila kitu, hata kwa kuku. Ijumaa nikafungua kihenge changu cha ulezi, nikakuta kinyesi cha panya. Paka wangu alikufa mwaka jana kwa uzee. Nikasema, niende kwa Dominika.

Dominika ni jirani, tumezeeka pamoja, na paka wake jike anazaa kila akimwangalia dume. Nikamkuta anapepeta.

"Dominika, nimekuja kuchukua kale kadogo keusi."

Akapepeta. "Sahani yako iko wapi?"

"Sahani gani?"

Akaweka ungo chini. "Kristiana! Umekuja kuchukua paka mikono mitupu? Umeanza kuzeeka vibaya."

Hapa niwaeleze wasiojua. Kwetu paka hachukuliwi bure. Kuku unaweza kupewa, mbwa unaweza kupewa. Paka unamchukua kwa sahani ya ulezi, uliopepetwa, sahani iliyojaa mpaka juu. Ulezi ndio chakula ambacho paka anakilinda, ndiyo maana unamwachia mwenye paka ulezi. Ukimchukua bure, atakaa kwako kama mgeni. Atalala jikoni, atakula nyama yako, na panya wakipita mbele yake atawaangalia tu, kwa sababu hajui kwako anamlindia nani nini. Bibi yangu alilijua hilo, mama yangu alilijua, na mimi nimelisema mbele ya watu mara nyingi.

Nikageuka kwenda kuchukua sahani. Nimefika kwenye matuta ya maharage ya Dominika, miguu ikasimama yenyewe.

Tulimchukua paka wa Alfonsi kwa kitu gani? Kwa bure. Alisema hataki kitu, nasi, watu wazima wote wa Mpui, wenye vihenge, tukasema asante, tukakaa kimya kama waliookota. Hakuna hata mmoja aliyemletea sahani. Halafu tunamlaumu paka kwamba hafanyi kazi!

Nilisimama pale mpaka Dominika akaniita, "Umesahau na njia?"

"Njia naijua," nikamjibu. "Nilichosahau ni kingine."

Jumamosi niliamka kabla ya jogoo, nikapepeta ulezi mara mbili. Nikajaza sahani mbili, moja ya Dominika, nyingine ya Alfonsi, ile sahani ya bati yenye ua, ya wageni. Nikampitia Dominika, nikachukua kale kadogo keusi, nikakafunga kwenye kanga kifuani. Mpaka nafika chekechea, kamekwisha nikwaruza mara tatu.

Yusto alikwisha kuchanganya chokaa kwenye ndoo. Ameshika brashi kubwa, ameanzia mkiani. Wazazi wamejaa, watoto wamesimamishwa mbali, Faith analia kwa sauti ambayo naijua, ni ya kwangu. Alfonsi amekaa juu ya sanduku lake kando ya barabara, anangoja lori. Cornelia yuko karibu yake na furushi.

"Yusto, shusha hiyo brashi," nikasema.

"Shikamoo, bibi. Si wewe uliyesema chokaa?"

"Marahaba. Ni mimi. Shusha."

"Tumekwisha pitisha, bibi. Mkutano ni mkutano."

"Paka wa nyumbani kwako ulimpata wapi?"

Akashangaa. "Kwa Mama Dominika."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa... kwa sahani ya ulezi."

"Na huyu unayemfuta mkia, ulimlipia sahani ipi?"

Yusto akatazama ukuta. Akatazama ndoo. Chokaa ikamdondokea kwenye kiatu, asijue. Nyuma nikasikia mzee mmoja anasema polepole, "Lo! Ni kweli. Tulimchukua bure." Na mwenzake, "Ndiyo maana anacheka tu." Neno likatembea kati ya watu kama moto kwenye majani makavu.

Mimi nikavuka barabara. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanikimbia, na kuomba radhi sikulelewa nako. Nikaweka sahani mbele ya Alfonsi, juu ya ardhi, kwa mikono miwili.

"Nimekuja kumchukua paka," nikasema. "Kwa halali yake."

Alfonsi akaitazama sahani. Akachota ulezi kidogo, akaupuliza, halikutoka hata kapi moja.

"Umepepeta mara mbili, mama mkubwa."

"Nilikuwa na muda."

"Na vidole vinne?"

"Hapo bado nimekasirika."

Akacheka, machozi yanamtoka. Cornelia akafungua furushi, akatoa mkeka, akautandika pale pale kando ya barabara bila kuambiwa. Watu wakaanza kutawanyika, nikadhani wanakwenda zao. Kumbe walikwenda vihengeni. Wakarudi mmoja mmoja, kila mtu na sahani yake, wa kwanza akiwa Yusto, kiatu kimoja cheupe. Lori la Muze likafika, dereva akapiga honi, akauliza, "Hapa kuna msiba?" Mwalimu Jenifer akamjibu, "Hapana, tunanunua paka." Dereva akaangalia rundo la ulezi, akaangalia ukuta, akaondoka bila Alfonsi.

Rundo lile Alfonsi aliligawa katikati. Nusu ikawa uji wa watoto mpaka shule ilipofungwa, nusu akaenda nayo Cornelia. Mkia uliopakwa chokaa akauchora upya, na safari hii akamwekea paka masuke mawili ya ulezi, moja kila mkono. Akawaita watoto: "Hesabuni vidole, kisha hesabuni masuke." Wakafika kumi. Mimi nasema hata hivyo angeongeza vidole, ingekuwa rahisi zaidi.

Kale kapaka keusi kanaishi stoo. Panya hawapo tena. Mwalimu Jenifer anasema ni kazi ya kapaka. Mimi nasema ni sahani. Yeye ana diploma na mimi nina miaka sabini na tisa, tumeliacha hivyo.

Watu wa kigango cha jirani walisikia, wakaja na sahani yao kumwomba Alfonsi ukuta. Wakafuata wengine. Mwezi uliopita aliteremka Muze kweli, lakini alibeba kopo la brashi, na sasa shule ya kule ina paka anayevua samaki kwa mkia wake. Kule Majengo maturubai bado yanang'aa, sitawadanganya, mabango ya zamani hayajarudi. Ila juzi yule mwenye duka la dawa amemtumia salamu, kwamba anataka paka wake tena, tena si kwenye banda la kuku.

Na ukuta wangu, pembeni ya mlango, pale pale niliposugua mara mbili, nimemwambia Alfonsi amrudishe. Nimelipa sahani. Kamfunga bandeji kichwani.

Sasa wewe uliyesoma. Umemwona paka kwenye shuka langu, umemwona buchani, umemwona ukutani, na nina hakika umecheka walau mara moja. Basi amekwisha ingia kwako, na umemchukua mikono mitupu kama sisi. Hatakulindia kitu. Inuka sasa hivi, nenda kihengeni kwako, jaza sahani ya ulezi, si kisahani cha chai, sahani, upepete vizuri, uipeleke chekechea iliyo karibu nawe wapikiwe watoto uji. Huna ulezi, peleka mahindi. Na ukipita Mpui, pita kwangu unionyeshe sahani tupu, nijue umepeleka.